Usijifunze tu kuandika programu, jifunze kusema unachotaka

Nianze na kesi ya Sh900.

Mimi na wenzangu kumi na mmoja tuna chama hapa mtaani Umoja. Si kitu kikubwa. Kila mmoja anachanga Sh500 kwa wiki, mwisho wa kuchanga ni Jumapili usiku, na anayechelewa anatozwa Sh50 kwa kila siku. Tulikubaliana pia kwamba faini isipite Sh500, kwa sababu haingii akilini mtu atozwe faini kubwa kuliko mchango wenyewe. Mweka hazina wetu, dada anayeuza mitumba Gikomba, alikuwa akiandika kila kitu kwenye daftari hadi akachoka. Na kwa vile mimi ndiye "mtu wa kompyuta" kwenye kundi, nikaambiwa nitengeneze kaprogramu ka kuhesabu.

Nilifanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Niliingia kwenye roboti moja ya akili unde, nikaieleza sheria yetu kwa sentensi tatu, na kabla maji ya chai hayajachemka nilikuwa na programu mkononi. Nikaipima. Aliyelipa siku yenyewe, faini sufuri. Aliyechelewa siku moja, Sh50. Aliyechelewa siku ishirini, Sh500. Yote sawa. Nikatuma kwenye grupu ya WhatsApp, wasee wakanipongeza, maisha yakaendelea.

Wiki sita baadaye tukawa na kikao. Mmoja wetu ni mwendesha bodaboda, na yeye hulipa Alhamisi kila wiki kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, pesa ikifika Ijumaa inaota mabawa. Siku hiyo akafungua simu na kutuonyesha ukurasa wake. Ulisema kwamba anakidai chama Sh900.

"Trezha, mia tisa yangu iko wapi?"

Mweka hazina hakuwa na mia tisa ya mtu. Daftari lake halikuonyesha deni lolote. Lakini programu ilisema, na si unajua vile watu huamini kitu kikiwa kwenye skrini? Mtu akatamka neno "kula". Mwingine akauliza kwa nini daftari na simu havisomi sawa. Dada wa watu akatoka nje akilia, na mimi nimekaa pale nikitazama viatu vyangu, maana nilikuwa nimeshaanza kushuku tatizo liko wapi.

Programu ilikuwa inachukua siku za kuchelewa na kuzizidisha kwa hamsini, halafu ikizuia isipite mia tano. Basi. Mtu akilipa Alhamisi badala ya Jumapili, "amechelewa" siku sufuri kasoro tatu, yaani hasi tatu. Hasi tatu mara hamsini ni hasi mia moja na hamsini. Zidisha kwa wiki sita. Kompyuta ilikuwa inamtoza faini ya chini ya sufuri, na faini ya chini ya sufuri ni deni la chama kwake.

Sasa niambie, kosa ni la nani? Roboti ilifanya nilichosema. Mimi nilisema tulichokubaliana. Na sisi sote kumi na wawili hatukuwahi kuzungumza hata siku moja kuhusu mtu anayelipa mapema. Kwa hivyo nilipoipima, niliipima kwa maswali yale yale niliyokuwa nayo kichwani, na swali ambalo halikuwa kichwani halikuulizwa.

Usiku ule nilikumbuka kitu tulichofundishwa chuoni kwa saa moja tu, mwishoni mwa muhula, wakati nusu ya darasa ilikuwa imeshafunga mabegi. Kuna aina ya programu ambayo watu wa fani huiita solva. Kazi yake ni kutatua masharti. Unaipa vitu usivyovijua, unaipa masharti ambayo vitu hivyo lazima vitimize, na yenyewe inatafuta kama kuna jibu linalotimiza yote kwa pamoja. Ukishawahi kucheza sudoku basi unaelewa: visanduku vitupu ni vitu usivyovijua, na masharti ni kwamba namba isijirudie kwenye mstari, kwenye safu, wala kwenye kisanduku kikubwa. Huielezi kompyuta hatua za kufuata. Unaiambia tu jibu zuri linafananaje.

Solva inayojulikana zaidi inaitwa Z3. Ilitengenezwa na Leonardo de Moura na Nikolaj Bjørner wakiwa watafiti wa Microsoft, na makala yao kuihusu ilitoka mwaka wa 2008. Tangu 2015 ni huru kabisa: unaipakua bure, unaitumia na Python, na haihitaji mashine ya maana. Mimi niliiweka kwenye laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa.

Nikaiandikia ile fomula ya faini jinsi ilivyokuwa. Kisha nikaiuliza swali moja: je, kuna idadi yoyote ya siku ambayo faini inakuwa chini ya sufuri?

Z3 hujibu kwa neno moja. Ikisema sat, maana yake lipo jibu, na itakuonyesha. Ikisema unsat, maana yake halipo, na hapa lazima uelewe uzito wa neno hilo: haimaanishi kwamba imejaribu mara elfu moja ikakosa. Inamaanisha halipo, popote, kwa namba yoyote uliyoiruhusu itafute. Mara chache sana, swali likiwa gumu kupita uwezo wake, husema haijui, na hiyo pia ni heshima.

Kwangu ilisema sat. Siku: hasi moja. Haikuchukua hata sekunde moja. Kitu ambacho kilimfanya mweka hazina wetu alie mbele ya watu kilikuwa kinaonekana kwa swali la mstari mmoja.

Ningeweza kuishia hapo, nirekebishe, niombe msamaha. Lakini sehemu inayonifanya niandike makala hii ni ile inayofuata. Kumbe solva haikagui programu tu. Inaweza kuiandika.

Wazo ni hili. Badala ya kuandika programu nzima, unaandika umbo lake na kuacha mapengo. Langu lilikuwa hivi: kama siku za kuchelewa ni chini ya pengo la kwanza, faini ni pengo la pili; kama ni zaidi ya pengo la tatu, faini ni pengo la nne; vinginevyo faini ni pengo la tano mara siku za kuchelewa. Mapengo matano, yote ni namba usizozijua. Halafu unaandika masharti kando: anayelipa mapema au siku yenyewe asitozwe chochote, baada ya hapo kila siku inayoongezeka iongeze Sh50 mpaka zifike Sh500, na zikifika hapo zisisonge tena. Unaiambia solva, haya, jaza.

Mtu aliyeipa mbinu hii sura yake ya sasa ni Armando Solar-Lezama, ambaye sasa ni profesa MIT. Alipokuwa akisomea uzamifu wake Berkeley, California, alitengeneza lugha inayoitwa Sketch, yaani mchoro wa haraka haraka, na tasnifu yake ilikamilika 2008. Ndani yake kuna ujanja ambao nauona mtamu kuliko yote. Masharti yanasema "kwa siku yoyote ile", na siku hazina mwisho, kwa hivyo huwezi kuijaribu programu kwa kila siku. Basi kazi inagawanywa kwa wawili. Wa kwanza anabahatisha. Wa pili anapinga.

Wa kwanza anapewa mfano mmoja tu, tuseme siku moja ni Sh50. Yeye, kwa uvivu wake, anajaza mapengo kwa njia rahisi kuliko zote: kila mtu aliye chini ya siku mia moja atozwe Sh50. Inatimiza mfano huo mmoja, sivyo? Wa pili anaiangalia na kutafuta mahali pa kuivunja. Anarudi na kusema: na aliyelipa siku tatu mapema? Umemtoza Sh50 bure. Mfano huo unaongezwa kwenye orodha. Wa kwanza anabahatisha tena, sasa akiwa na mifano miwili ya kutimiza. Wa pili anavunja tena. Wanabishana hivyo mpaka siku ambayo wa pili anatafuta pa kuvunja na kukosa, akijibu unsat. Hapo programu imekamilika, na imekamilika pamoja na uthibitisho kwamba masharti yote yametimizwa.

Wote wawili ni solva ile ile, ukitaka kujua. Inajibishana na yenyewe.

Kwangu ilijaza hivi: moja, sufuri, tisa, mia tano, hamsini. Nikaona ile tisa nikadhani imekosea, maana mimi ningeweka kumi. Nikachukua kalamu. Zaidi ya tisa ni kuanzia kumi, na kumi mara hamsini ni mia tano. Yangu sawa, yake sawa. Ilinibidi nicheke peke yangu saa saba usiku.

Najua unachofikiria. Kuandika masharti yote hayo si ni kama kuandika programu yenyewe? Kwa faini ya chama, ndiyo, karibu kazi ni moja. Lakini fikiria kitu kama kupanga orodha ya majina kialfabeti. Kuna njia nyingi za kuipanga, na ile ya haraka huwasumbua wanafunzi wiki nzima. Masharti yake ni mawili tu: majina yafuatane kialfabeti, na yawe majina yale yale tuliyoanza nayo. Umemaliza. Kusema unachotaka ni kufupi sana kuliko kusema utakipataje.

Sasa jaribu kusahau lile sharti la pili. Solva itakurudishia orodha tupu. Orodha tupu imepangwa vizuri, hakuna jina lililo nje ya mstari! Haijakudanganya wala haijakosea. Imekupa ulichosema, na ndipo unagundua kwamba ulichosema sicho ulichotaka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa kambi mbili ambazo zimejaa kwenye simu zetu siku hizi. Kambi ya kwanza inakwambia lipa karo ya kozi ya miezi mitatu, ukariri lugha ya programu, utaomoka. Kambi ya pili inakwambia achana na hayo yote, akili unde imeshamaliza kazi, jifunze kitu kingine. Nimewasikiliza wote wawili, na nimeshuhudia marafiki wakitoa pesa za wazazi kwa wa kwanza na kukata tamaa kwa sababu ya wa pili. Ninavyoona mimi, wote wanazungumzia kuandika, na kuandika ndiyo sehemu iliyoshuka bei. Tangu GitHub Copilot ilipotoka 2021, na roboti nyingine zilizofuata, msimbo unapatikana kama maji ya bomba mvua ikinyesha. Kilichobaki ghali ni kujua kama uliopewa ndio uliouhitaji.

Na hizi roboti za akili unde hazikupi hilo. Zenyewe zimesoma programu nyingi mno za watu, na zinakuandikia kinachofanana na kilichowahi kuandikwa. Mara nyingi ni sawa. Mara nyingine kinafanana tu. Programu yangu ya faini ilifanana na programu ya faini kabisa, ilikuwa hata na maelezo mazuri juu yake. Solva ni kinyume: haijasoma chochote, haina ufasaha, huwezi kupiga nayo stori. Lakini ikisema halipo, halipo.

Usidhani wanaofanya makosa haya ni wanaoanza tu. Mwaka wa 2006 Joshua Bloch, aliyekuwa Google, alieleza kosa lililokuwa kwenye maktaba ya Java, katika njia ya kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa, ile ya kugawanya katikati kila mara. Mwanafunzi yeyote wa kompyuta anaijua. Kosa lilikuwa limekaa humo kwa takriban miaka tisa, na aliyeliandika ni Bloch mwenyewe. Ili kupata katikati, programu ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kisha ikagawanya kwa mbili. Namba ya kawaida kwenye Java haiwezi kupita 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla inapita hapo na kugeuka hasi. Watu waliipima miaka yote hiyo kwa orodha ndogo. Swali la kuiuliza solva lingekuwa: je, kuna mwanzo na mwisho ambao katikati yake ni hasi? Mstari mmoja tena.

Kampuni kubwa zimeshaelewa. Amazon hutumia solva kukagua sheria za ruhusa kwenye huduma zake za wingu, ili ijulikane kama kuna njia yoyote ya mtu wa nje kufikia faili lisilomhusu. Na wewe mwenyewe huenda umekaribia jambo hili bila kujua, kama umewahi kuandika mifano miwili kwenye Excel, tuseme jina la kwanza kutoka kwa majina kamili, halafu ikajaza safu iliyobaki. Hiyo ni Flash Fill, iliingia kwenye Excel ya 2013, ikitokana na utafiti wa Sumit Gulwani wa Microsoft. Njia yake ya ndani ni tofauti kidogo na ya Sketch, lakini ni ukoo mmoja: unaonyesha unachotaka, kompyuta inakutungia kaprogramu kadogo kanakofanya hivyo. Na inaweza kukosea kwa namna ile ile. Mtu mwenye majina manne akitokea kwenye orodha ambayo mifano yako ilikuwa ya majina mawili, angalia kwa makini.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Solva haiwezi kukuandikia programu nzima ya benki. Inafanya vizuri kwa vipande vidogo, na ukiongeza mapengo kazi inakua vibaya sana. Chukua swichi za taa. Swichi ishirini zinaweza kuwashwa na kuzimwa kwa njia 1,048,576. Ongeza kumi tu, ziwe thelathini, na njia zinapita bilioni moja. Stephen Cook alionyesha mwaka wa 1971 kwamba tatizo la aina hii ni miongoni mwa yale magumu ambayo hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua yote, wala aliyethibitisha kwamba njia hiyo haipo. Solva za leo zina ujanja wa kuruka njia nyingi kwa mpigo, ndiyo maana zinafaa, lakini zipo siku utaiwasha, utaenda kula, utarudi, na bado inazunguka. Mimi nilipojaribu kuipa ratiba nzima ya chama, zamu za kupokea, faini, mikopo, vyote pamoja, niliizima baada ya saa mbili. Ikabidi nigawanye vipande.

Lakini hata ikiwa na udhaifu huo, kuna jambo moja ningependa ulichukue, na halihusu chama.

Mimi na wewe tunaishi ndani ya fomula za watu wengine. Mkopo wa simu unaoongezwa au kukatwa kiwango, fomula. Mwaka wa 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ambapo wanafunzi walipangwa katika makundi kulingana na hali ya familia zao, na kundi ndilo lililoamua mtu apate ufadhili kiasi gani, mkopo kiasi gani, na nyumbani watoe ngapi. Utakumbuka malalamiko. Wanafunzi walisema wamewekwa kwenye kundi la wenye uwezo ilhali nyumbani hali ni tete, na wengi walikata rufaa mmoja mmoja, kila mtu na barua yake, kila mtu na hadithi yake.

Sina ushahidi kwamba fomula ile ina kosa fulani. Hoja yangu ni kwamba tulikuwa tunauliza maswali kwa njia ya polepole kuliko zote, ile ya kusubiri mtu aumie kwanza. Fomula ikiwekwa wazi, mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye laptopu anaweza kuuliza: je, kuna wanafunzi wawili wanaofanana kwa kila kitu, isipokuwa nyumbani kwa mmoja mapato ni madogo zaidi, na huyo wa mapato madogo ndiye anayepata msaada mdogo? Haihitaji jina la mtu, wala kitambulisho, wala siri ya familia yoyote. Ikijibu unsat, sote tunalala. Ikijibu sat, inakupa hao wanafunzi wawili wa kubuni, na unaenda nao kwa waziri. Au uliza hili: je, kuna familia mbili zinazopishana kwa shilingi moja tu, lakini watoto wao wanapishana kwa maelfu? Mfumo wowote unaokata makundi kwa kiwango cha mapato utajibu ndiyo. Hapo si suala la kompyuta tena, ni suala la sisi kusema kama tunakubali pengo hilo au tunataka mteremko badala ya ngazi.

Hili ndilo ninalotaka vijana tulidai, na ndilo ninalotaka tujifunze: sharti la haki linaandikwaje kwa namna ambayo mashine inaweza kulikagua. Ni kazi ya mwanasheria nusu na ya mtu wa hesabu nusu, na ni wachache mno wanaoifundisha hapa kwetu. Kama uko chuoni na kuna somo la mantiki unalolikwepa kwa sababu eti halina pesa, lirudie. Kama hauko chuoni, Python na Z3 ni bando ya siku moja. Anza na sudoku. Kisha chukua sheria yoyote unayoishi nayo, ya plotini, ya chama, ya kazi, uiandike kama masharti, na uulize maswali ya kuivunja.

Nirudi Umoja. Kwenye kikao kilichofuata nilimwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote, nikaeleza ile hesabu ya hasi tatu, na mwenzetu wa bodaboda akasimama akampa mkono. "Dada, nilikukosea," alisema. Dada akamjibu kwamba yeye akikosewa huwa anakula soda, basi akaenda kununuliwa soda. Nilidhani tumemaliza. Nikasoma masharti yangu moja baada ya jingine ili wayapitishe, na kwenye lile la kwanza, la anayelipa mapema, mwenyekiti akaniuliza: nani alisema asipate kitu? Wengine watatu wakamuunga mkono. Kama anayechelewa anaadhibiwa, kwa nini anayewahi asituzwe?

Tulibishana dakika arobaini. Wiki sita programu ilikuwa imeshalijibu swali hilo kwa niaba yetu, na hakuna aliyejua kwamba swali lipo. Mwishowe tukapiga kura: hakuna tuzo, lakini anayewahi wiki nne mfululizo anaruhusiwa kuchagua zamu yake ya kupokea. Halafu dada mmoja akaongeza kwamba mgonjwa asitozwe faini. Sote tukasema sawa. Nikauliza mgonjwa ni nani, na nani anathibitisha, na je, ukiuguliwa na mtoto? Kimya. Nimeacha pengo hapo, na kikao ni Jumapili hii.